Hatua ya Kwanza ya Zawena Kwenye Nyasi za Serikali

Nchi yetu haiko mbali. Kwenye ramani ya darasa letu la jioni ingeonekana vizuri tu, ila kuna mtu aliwahi kuweka kikombe cha chai hapo, na sasa pana duara la kahawia. Ndani ya duara hilo tunaishi sisi, watu milioni kadhaa, tena kwa amani. Nasema mapema ili msomaji asijisumbue kutufananisha na nchi nyingine. Hakuna nchi inayofanana na yetu. Redio imeshalisema hilo mara nyingi.

Binti yangu Zawena alipofikisha mwaka mmoja na nusu alisimama kwa mara ya kwanza akishikilia ndoo, na magoti yake yakaenda kila moja na njia yake. Matege. Mama mkwe akasema yatanyooka yenyewe. Jirani akasema nimwogeshe kwa maji ya mchele. Mimi nikamfunga mgongoni, nikaenda naye Hospitali Kuu ya Watoto.

Pale tulipokewa na fundi Kitwana, anayetengeneza vyuma vya kunyooshea miguu. Ni mtu mfupi, na penseli haitoki sikioni kwake hata anapokunywa uji. Alimlaza Zawena mezani, akampima kisigino, goti na paja kwa futi ya kamba kama anayekata suti ya harusi.

"Mama Zawena, huyu tutamnyoosha," akasema. "Jua la asubuhi, dawa ya matone, na vyuma. Anavivaa, anatembea kwenye nyasi. Kwenye nyasi mtoto akianguka anacheka. Kwenye saruji akianguka anaogopa, na akishaogopa, hata umwite na peremende haji."

"Vitamkaa kwa muda gani?"

"Miezi minne. Mitano, ukiomba sana. Baada ya hapo atakuwa amevipita." Akaubonyeza mguu wa Zawena kwa kidole gumba. "Mfupa wa umri huu ni udongo mbichi, mama. Unaufinyanga unavyotaka. Ukishakauka, umekauka."

Nilimuuliza nyasi tutazipata wapi, maana mtaani kwetu kuna vumbi na mifuko ya plastiki tu. Akanielekeza kwa penseli yake kwenye bango lililobandikwa mlangoni. Nililisoma lote, mpaka jina la mpiga chapa: MPANGO WA AFYA KWA WOTE KWA NJIA YA MAJENGO YA PAMOJA NA BUSTANI KUU. Hospitali ingefungua milango yake kwa jamii, na uwanja wa nyuma ungekuwa bustani ambamo watoto wagonjwa, mama zao na majirani wangepumua hewa moja.

Machozi yalinilenga. Nikamwambia Zawena mgongoni, "Umesikia, mwanangu? Nyasi."

"Nyasi," akasema. Likawa neno lake la nne, baada ya mama, maji na sitaki.

*

Mpango ulisimamiwa na Mkurugenzi wa Majengo ya Pamoja, Dokta Lwambano. Si daktari wa kutibu. Udaktari wake ni wa heshima, alitunukiwa na chuo kimoja kwa kukata utepe wake vizuri. Alifanya utafiti wa siku mbili akagundua kwamba wadi zetu zilikuwa zikitumiwa na wagonjwa peke yao, tena kutwa nzima.

"Huu ni uchoyo wa nafasi," alituambia akina mama tukiwa kwenye foleni. "Jengo likiwa la mgonjwa tu, mtu mwenye afya yake ataonjea wapi huduma?"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, kwa kuwa sikuwahi kulitazama jambo hilo kwa upande huo.

Basi jamii ikaja. Ilitangulia Idara ya Vibali vya Sherehe, ikapewa nusu ya wadi ya vichanga. Ikafuata Kamati ya Mapokezi, ikapewa chumba cha dawa kwa sababu ndicho chenye jokofu, na soda za mapokezi haziwezi kukaa kwenye joto. Kwaya ya Wizara ikapewa ukumbi ambamo watoto wenye viungo dhaifu walikuwa wakinyooshwa. Siku ya saba ratiba ikabandikwa: watoto kuugua, saa mbili hadi saa nne asubuhi. Vikao, saa nne hadi saa tisa. Baada ya hapo watoto kuendelea kuugua, kwa zamu.

Sista Apolonia, muuguzi wa zamu ya asubuhi, alinifafanulia. "Mtoto wako homa ikimpanda saa tano, mwambie ajikaze hadi saa tisa. Kuna kikao."

Sikujua kama anatania. Ana miaka ishirini na miwili kazini, na uso wake haukuwa umebakiwa na sehemu ya kuonyeshea utani.

*

Nyasi zilifika kwa malori, zimekunjwa kama mikeka. Zikatandazwa uwanja mzima, kijani kibichi, na Zawena akapiga kelele mgongoni kwangu mpaka watu wakageuka. Nikateremka naye mbiombio. Kwenye lango tukakuta utepe mwekundu na kibao: NYASI HIZI NI KWA AFYA YAKO. USIZIKANYAGE.

Hapa inabidi nimweleze mgeni desturi yetu. Kwetu kitu hakianzi kazi mpaka kizinduliwe, na hakizinduliwi mpaka aje mkubwa akate utepe. Daraja la mjini kwetu lilikaa miaka mitatu na utepe wake, watu wakivuka mto kwa kuogelea chini yake, na wengi walisema wazi kwamba ukiwa majini unaliona vizuri zaidi. Hospitali nayo ilifungwa tepe: madawati, bomba la maji, stoo ya vyuma, hata mizani ya kupimia watoto. Kwa hiyo mwaka ule hakuna mtoto yeyote aliyepungua uzito. Takwimu zipo.

Wiki hiyohiyo fundi Kitwana akamaliza vyuma vya Zawena. Vilikuwa vizuri kuvitazama, vyembamba, na mikanda ya ngozi nyekundu. Alikuwa ameinama kumvisha pale koridoni, maana ukumbini kwaya ilikuwa inakohoa, mara Dokta Lwambano akapita.

"Subiri," akasema. "Hivyo vimezinduliwa?"

"Ni vya mgonjwa, Bwana Mkurugenzi," fundi akajibu.

"Sikuuliza ni vya nani." Akachuchumaa, akamtazama Zawena usoni, kisha magotini, na macho yake yakawaka. "Hiki ndicho tulichokikosa! Ratiba ya uzinduzi ina hotuba kumi na tatu, haina mtoto hata mmoja. Huyu atapiga hatua yake ya kwanza mbele ya Mheshimiwa mwenyewe, Mlezi Mkuu wa Watoto Wote, juu ya nyasi. Mama, unaitwa nani?"

"Mama Zawena, mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba. Umebarikiwa wewe. Sharti ni moja tu: asitembee kabla ya siku yenyewe. Hatua ya kwanza haipigwi mara mbili."

"Siku yenyewe ni lini?"

"Wiki ijayo."

Sitaficha, nilijisikia fahari. Wiki moja ni nini? Niliitikia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Vyuma vikapelekwa kwenye kabati la vioo katika chumba kilichokuwa cha eksirei, vikafungwa utepe, na Zawena akaandikwa kwenye ratiba kuwa kipengele cha kumi na nne: *Mtoto Kutembea*, kati ya wimbo wa pili wa kwaya na neno la shukrani.

*

Wiki iliyofuata mjukuu wa Mheshimiwa alipata kikohozi, ikabidi babu ampeleke ng'ambo kutibiwa. Tulimwombea. Sista Apolonia alisema kikohozi ni kitu kibaya, hasa ukikipatia kwenye nchi yenye Hospitali Kuu ya Watoto.

Mwezi wa pili wa kungoja, mkasi wa kukatia utepe ulipotea. Mwezi wa tatu ukaonekana, lakini nyasi zilikuwa zimeanza kugeuka rangi, kwa sababu bomba la kuzimwagilia lilikuwa na utepe. Wakaja vijana wa kupaka rangi wakazipaka kijani kwa brashi, unyasi mmojammoja. Watoto wenye pumu walikohoa siku nne. Kamati ikaona hiyo ni dalili njema: watoto sasa wanapumua pamoja na bustani.

Mimi kila asubuhi nilikuja kuuliza. Zawena alikuwa akijivuta kwa makalio, haraka sana, na kila tulipofika langoni alishika vyuma vya geti kwa mikono miwili.

"Nyasi?"

"Kesho, mwanangu."

"Kesho," akawa anamwambia mlinzi, na mlinzi anaitikia, "Kesho, bibi."

Niliandika barua, kama tulivyofundishwa, anwani kulia, tarehe chini yake, YAH: MIGUU YA MTOTO ZAWENA. Niliomba aruhusiwe kuvaa vyuma wakati tukisubiri, kwa kuwa mfupa hausomi ratiba. Hilo la mfupa nililifuta nikaliandika tena mara tatu. Jibu lilikuja na muhuri: ofisi inanishukuru kwa uvumilivu wangu, na kuanzia tarehe ya barua nimeteuliwa mjumbe wa Kamati Ndogo ya Uvumilivu, ambayo bado haijazinduliwa.

*

Siku ya Alhamisi, mwezi huohuo wa tatu ukielekea ukingoni, Kamati ya Mapokezi ilipika pilau kujaribu kama sufuria zinatosha. Jengo zima lilihamia kwenye sufuria. Fundi Kitwana akanishika kiwiko.

"Lete mtoto nyuma ya jiko."

"Na kabati?"

"Kabati nililitengeneza mimi. Ubao wa nyuma umeshikwa na misumari miwili."

Nyuma ya jiko, pale wanapomwaga maji ya vyombo, yalikuwa yameota majani ya kawaida, hayakuletwa na lori wala hayakuwa na utepe. Fundi akapiga magoti, akamvisha Zawena. Mikanda ikafunga tundu la pili kama alivyokuwa amepima. Akamsimamisha, akamwachia.

Zawena alitazama miguu yake kana kwamba kuna mtu kambadilishia. Kisha akainua mmoja. Akauweka. Akainua wa pili, akauweka, akaanguka kwa makalio kwenye majani, na akacheka, akacheka mpaka akapata kwikwi.

"Umeona?" fundi akasema. Penseli ilikuwa imemdondoka. "Miezi miwili ya hivi, mama. Miwili tu."

Tulipoinua vichwa, Dokta Lwambano alikuwa amesimama mlangoni na kijiti cha meno. Hakufoka. Yeye si mtu wa kufoka.

"Ngapi?" akauliza.

"Mbili," nikasema.

"Zimeonwa na nani?"

"Na sisi."

"Basi hazikupigwa." Akamgeukia fundi kwa upole. "Fundi, tunajenga jambo kubwa hapa. Tusilichafue kwa haraka ya mtu mmoja."

Kufikia jioni majani yale yalikuwa yamekwisha kung'olewa. Kabati liliongezewa misumari kumi na sita, na akaletwa askari wa kukaa mbele yake. Mimi nilipewa maelekezo ya maandishi ya kumbeba mtoto muda wote, ili asije akajisahau. Nikambeba. Mkono wangu wa kushoto mpaka leo hauinuki vizuri.

*

Mheshimiwa alikuja mwezi wa nane.

Mahema yalijaa mpaka kwenye mlango wa wadi. Watoto waliolazwa walipangwa koridoni, wakafunikwa shuka jipya refu ili wasionekane wengi. Mheshimiwa akapanda jukwaani. Ni mtu mnene wa sura ya huruma.

"Nimeambiwa kwamba hapa kuna watoto," alianza. "Nimefurahi sana. Mtoto ni mtu ambaye bado hajawa mkubwa. Sisi wakubwa tuna wajibu wa kuwa wakubwa kwa niaba yake." Makofi. "Tangu mpango huu uanze, idadi ya wagonjwa wanaolazwa imeshuka kwa asilimia themanini!"

Ni kweli. Vitanda navyo vilikuwa vimeshuka kwa asilimia hiyohiyo.

Alikata utepe wa bomba, wa mizani na wa madawati. Akaukata wa lango, akaingia kwenye nyasi, viatu vyake vikiacha alama kwenye rangi. Kwaya ikaimba wimbo wa pili. Kisha mshereheshaji akasoma, "Kipengele cha kumi na nne!"

Nilimweka Zawena kitini. Nilikuwa nimemvisha gauni la njano. Kwa kweli gauni lenyewe nililifumua pindo nikalirefusha mara mbili kwa kuchelewa kwa wageni, kwa hiyo nilijua. Nilijua tangu mwezi wa sita. Lakini mtu unasema, labda miguu haikurefuka, labda ni mwili wa juu tu.

Fundi Kitwana akavitoa vyuma kwenye mto wa mahameli. Akajaribu kisigino. Hakikuingia. Akalegeza mkanda mpaka tundu la mwisho, ncha mbili zikabaki zinatazamana kwa mbali. Zawena akaanza kulia.

"Bana," Dokta Lwambano akanong'ona huku akitabasamu kwa wapiga picha.

"Sibani mguu wa mtoto, Bwana Mkurugenzi."

"Bana, fundi, watu wanatazama."

"Sibani."

Dokta Lwambano hakupoteza hata dakika. Serikali yetu ina akiba ya kila kitu kasoro vitu. Aliinua kidole, na kutoka nyuma ya kwaya akaletwa binti wa mwimbaji mmoja, umri uleule, gauni la njano lilelile, miguu imenyooka kama penseli. Alikuwa amefanya mazoezi miezi mitano. Akatembea kwenye nyasi kuanzia lango mpaka magotini kwa Mheshimiwa, hakuyumba hata mara moja.

"Zawena anatembea!" mshereheshaji akapaza sauti. "Zawena huyoo!"

Mheshimiwa alifuta machozi kwa leso. Uwanja ukalipuka. Na binti yangu, aliposikia jina lake linaitwa na watu wengi kiasi hicho, aliacha kulia. Akanyoosha mkono juu pale kwenye kiti, kama anavyotuona tukifanya kwenye darasa la jioni.

"Mimi," akasema. "Mimi hapa."

*

Kesho yake nilimkuta mlinzi akizungushia nyayo za Mheshimiwa kamba, moja moja, bustani nzima. Nyasi sasa zimezinduliwa, alinieleza, kwa hiyo haziwezi kukanyagwa. Zitahifadhiwa kama zilivyoachwa.

"Nyasi?" Zawena akamuuliza.

Mlinzi alitazama kamba zake. Hakusema kesho.

Ndani, Sista Apolonia alifungua faili letu, akanigeuzia nilione. Juu lilikuwa na muhuri mkubwa wa bluu: AMEPONA.

"Sista, huyu hapa. Mtazame."

"Namtazama, mama." Alimtazama kweli, muda mrefu. "Lakini amepona mbele ya Mheshimiwa. Mimi nani nimrudishie ugonjwa?" Akavuta faili jipya, akashusha sauti. "Nipe jina lingine. Tutamwandika mgonjwa mpya. Wapya wanaingia Awamu ya Pili."

"Awamu ya Pili ni lini?"

"Wamesema mwakani. Wakipata utepe."

Nikatoa jina la marehemu bibi yangu, Mwanahija. Zawena akageuka kutafuta huyo Mwanahija ni nani.

Fundi Kitwana alikuwa peke yake kwenye karakana. Futi yake ya kamba ilikuwa imechukuliwa kupambia jukwaa, haijarudi, kwa hiyo aliokota kipande cha utepe mwekundu kilichokatwa jana, akakinyoosha juu ya meza. Akamlaza Zawena. Ncha moja akaiweka penye goti, akashuka na kidole mpaka kisigino, akatoa penseli sikioni.

Hakuweka alama. Alibaki ameinama.

"Nikipima hapa," akasema bila kunitazama, "vitakuwa tayari wiki ijayo. Vitaingia kabatini. Na siku wakija..."

"Basi usipime hapo, fundi."

Aliniangalia.

"Pima pa mwakani," nikasema. "Ili siku wakija vimkae."

Nilikuwa nangoja aniambie tena habari za udongo. Hakuniambia, nami sikumuuliza. Kidole chake kikakipita kisigino cha Zawena, kikaenda mbele kwenye utepe, kikasimama.

"Hapa?"

Nilifikiria mkasi. Nilifikiria mjukuu na kikohozi chake, na rangi ya kijani, na wimbo wa pili.

"Ongeza kidogo," nikasema.

Akaongeza.

"Ongeza tena, fundi. Safari hii tusije tukapungukiwa."